Bury St Edmunds: Nendeni Siku ya Gulio

Wateja wanaotuomba safari ya siku moja nje ya London hutaja karibu kila mara majina yale yale matatu au manne, nasi hatuwakatazi. Ila anayetaka kuwaona Waingereza wenyewe wakichagua viazi na kuulizana hali, huwa tunamshauri aende Bury St Edmunds, mji wa gulio ulioko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ushauri huo una sharti moja ambalo sisi wenyewe tulilipuuza mwanzoni. Kikundi chetu cha kwanza tulikipeleka Jumatatu, tukakuta uwanja wa soko umejaa magari yaliyoegeshwa, na mama mmoja akatuuliza kwa upole kama gulio lenyewe limehamishwa. Tangu siku hiyo safari hii huwa ni Jumatano au Jumamosi tu, kwa kuwa hizo ndizo siku za gulio.

Meza za wachuuzi hupangwa Butter Market na Cornhill, majina yanayosema waziwazi kwamba hapa paliuzwa siagi na pale nafaka. Siku hizi utakuta mboga, samaki, mikate, jibini, maua na nguo. Bei haipatanwi kama tulivyozoea kwetu, ingawa mgeni akifika mapema na kusalimia vizuri huhudumiwa bila haraka. Pembeni mwa uwanja huo huo kuna Moyse's Hall, nyumba ya mawe ya karne ya 12 ambayo sasa ni makumbusho. Mwenye watoto atambue kwamba ndani yake kimo kitabu kilichojalidiwa kwa ngozi ya William Corder, muuaji aliyenyongwa mjini humo mwaka 1828.

Gulio hilo halieleweki vizuri bila abasia, yaani monasteri kubwa ya watawa iliyokuwa hapa. Edmund, mfalme wa Anglia Mashariki, aliuawa na Wavikingi mwaka 869 akaja kuheshimiwa kama mtakatifu, na mwili wake ulipoletwa hapa mahujaji walianza kumiminika, hata mwaka 1020 ikaanzishwa abasia ambayo baadaye ilihesabiwa miongoni mwa zile tajiri zaidi nchini. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza, Baldwin aliyekuwa abati, yaani mkuu wa abasia, aliupangia mji mitaa iliyonyooka, nayo Churchgate Street hadi leo inaelekea moja kwa moja kwenye mnara wa lango la kanisa la abasia. Abati alikuwa bwana wa mji na wa biashara yake, jambo ambalo wafanyabiashara hawakulimeza kwa urahisi: mwaka 1327 walifanya ghasia kubwa, wakaivamia abasia na kuliharibu lango lake. Lango mnaloliona leo kwenye uwanja wa Angel Hill ni lile lililojengwa baada ya ghasia hizo, nalo, pamoja na nakshi zake zote, lina mianya ya kurushia mishale. Sisi husimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, maana ugomvi mzima wa soko na abasia unaonekana ukutani.

Mfalme Henry VIII aliifunga abasia mwaka 1539, na wenyeji wakachukua mawe yake kujengea. Magofu yaliyobaki yamo ndani ya bustani ya Abbey Gardens, ambayo haina kiingilio, na upande wa mbele wa kanisa la zamani zimejengwa nyumba ambazo watu wanaishi hadi sasa, madirisha yakichungulia katikati ya kuta za karne ya 12. Jirani yake lipo kanisa kuu la St Edmundsbury, ambalo mnara wake wa mtindo wa Kigothi ulikamilika mwaka 2005 tu. Mwenye nafasi aongeze Theatre Royal, ukumbi wa michezo ya kuigiza wa mwaka 1819 ambao kwa miaka mingi ulitumiwa na kiwanda cha bia cha Greene King kama ghala la mapipa. Baa iitwayo Nutshell inatosha kuchungulia mlangoni, kwani ukubwa wake ni kama futi 15 kwa 7.

Tunaondoka stesheni ya Liverpool Street asubuhi na kubadilisha treni Ipswich. Safari huchukua takribani saa mbili, na kutoka stesheni ya Bury hadi Angel Hill ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Gharama yetu inajumuisha nauli, mwongozaji anayezungumza Kiswahili na tiketi ya Moyse's Hall. Chakula cha mchana hatukijumuishi, kwa sababu wengi hupenda kujinunulia wenyewe gulioni. Anayesafiri na mzee au na mtoto wa kigari atuarifu anapoweka nafasi, ili tupange mwendo wa polepole na tuwahi kufika kabla wachuuzi hawajaanza kufungasha.