Kabla ya darubini kubwa, angalieni shavu linakaa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu kuhusu Waswahili wa huku Marekani wanaowinda nguruwe mwitu niliisoma yote, mi niko Texas na huku hao nguruwe ni balaa tupu, wanachimbua mashamba usiku kucha, na tangu Septemba 2019 sheria ya jimbo inakuruhusu kuwawinda kwenye ardhi ya mtu binafsi bila leseni ya uwindaji ili mradi mwenye ardhi kakubali. Ila pale mlipoandika kwamba ukishanunua darubini kubwa yenye lenzi pana na inayovuta mbali umemaliza kazi, hapo napinga kabisa. Naona wenzetu wengi, Wakenya, Watanzania, Wakongomani, wanatoa hela ndefu kwenye kioo alafu maunti, yani kile chuma kinachoshika darubini juu ya bunduki, wananunua ya bei ya chini kabisa, na pa kuwekea shavu hawapafikirii hata kidogo. Mi nasema anza na maunti, kisha shavu, darubini iwe ya mwisho.

Chukua bunduki ya M1A ambayo watu huku wanaipenda sana, ni ile M14 ya jeshi la Marekani iliyopitishwa 1957 ila ya kiraia, inapiga risasi moja moja kila ukivuta kifyatulio. Ile bunduki ilitengenezwa kwa mtu anayelenga kwa vilengeo vya chuma, kwa hiyo mgongo wa kitako uko chini. Juu yake pako wazi, maganda ya moto yanarukia huko, mkono unaoendesha boliti, yani chuma kinachosukuma risasi ndani, unakwenda mbele na nyuma kila risasi, sasa darubini huwezi kuilaza chini, lazima ikae juu. Ukishaiweka juu shavu halina pa kuegemea, unabaki umeinua kichwa kidevu tu ndo kinagusa mbao, na kichwa kinachoelea hakirudi sehemu moja mara mbili. Hapo hata ununue kioo cha dola elfu mbili risasi zitatawanyika.

Wanajeshi waliligundua hili zamani. M1 Garand, bunduki nyingine ya jeshi la Marekani, ilipitishwa 1936, inashindiliwa risasi 8 kwa klipu, yani kibanio cha risasi, kutokea juu na klipu tupu inarukia juu pia, kwa hiyo kwenye zile za walenga shabaha, M1C na M1D, darubini ilisogezwa upande wa kushoto, na kwenye kitako wakafunga pedi ya ngozi kwa kamba ili uso wa mpigaji usogee kushoto ulipo mstari wa darubini. Dragunov, bunduki ya walenga shabaha ya Warusi ya 1963, nayo ina reli, yani chuma cha kufungia maunti, ubavuni na kiegemeo cha shavu cha kuvaa na kuvua, maana ukitaka kutumia vilengeo vya chuma unakitoa. Hao hawakuwa wanapamba bunduki, waliona bila shavu kutulia kioo hakisaidii.

AR-15, bunduki nyingine ya kiraia inayopendwa huku, ni habari nyingine. Kitako chake kimenyooka sambamba na mtutu, na reli ya juu ni tambarare, kwa hiyo maunti inayoweka katikati ya darubini inchi 1.5 juu ya reli inawatosha watu wengi bila pedi yoyote, ila siku hizi kuna maunti ndefu za inchi 1.93 ambazo ni nzuri ukisimama wima, ukilala kifudifudi shingo inateseka na shavu linaelea tena. Na tafadhali msifunge mguu mmoja wa darubini kwenye reli ya bunduki na mwingine kwenye reli ya kishikio cha mbele, hizo ni sehemu mbili tofauti, ukiegemeza mbele inapinda kidogo na kipimo chako kinahama, ndo maana kuna maunti zinazochomoza mbele huku miguu yote iko nyuma. Kabla hujakaza isukume mbele mpaka ikute ukingo wa reli, maana bunduki ikipiga teke darubini inataka kubaki mbele. Skrubu za pete zinazozunguka darubini kaza kwa bisbisi ya kupimia nguvu, nyingi zinataka kati ya 15 na 18 inchi-paundi, soma karatasi iliyokuja nayo, usikaze kwa hasira utaibana tyubu ya darubini. Kwa M1A tafuteni maunti inayoshika zaidi ya sehemu moja, skrubu ya ubavuni peke yake inalegea, ile inayokamata na pale juu penye njia ya klipu inatulia zaidi.

Kupima shavu hakuhitaji fundi. Hakikisha bunduki haina risasi, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, vaa koti utakalovaa porini, vuta darubini mpaka mwisho wa ukuzaji maana hapo jicho halisamehewi, alafu funga macho, laza shavu kwenye kitako pale linapojisikia vizuri bila kukaza shingo, fungua. Ukiona duara kamili uko sawa. Ukiona kivuli cheusi kama mwezi mwandamo upande mmoja, kichwa hakiko katikati. Ukiinua kichwa kidogo na duara likajaa, basi shavu liko chini, ongeza vipande vya sponji kwa tepu mpaka duara lijae, pima unene wake, ndo uende kununua pedi ya kamba au kitako chenye mgongo wa kupandisha. Rudia ukiwa umelala na ukiwa umekaa, ukilala jicho linasogea mbele, na umbali wa jicho kwa darubini nyingi ni inchi 3 mpaka 4, ukikaribia sana kwenye bunduki ya risasi kubwa ya .308 utapasuliwa nyusi.

Kioo chenyewe sasa. Lenzi ya mbele ya milimita 50 inakulazimisha pete ndefu, pete ndefu inainua darubini, shavu linabaki chini, tumerudi kule kule. Nguruwe wa vichakani wengi wanapigwa chini ya yadi 150, ukuzaji wa 1 mpaka 6 au 3 mpaka 9 na lenzi ya 40 unatosha kabisa. Hakikisha alama za ndani na vifundo vya kurekebishia viko kwenye kipimo kimoja cha pembe, MOA na MOA, maana klik, yani hatua moja ya kifundo, ya robo MOA ni kama robo inchi kwa yadi 100, ukichanganya na miliradiani, kipimo kingine cha pembe, utakuwa unapiga hesabu huku mnyama anaondoka.

Nalisema hili kwa uchungu, maana nguruwe aliyejeruhiwa tumboni anakimbia mbali na anakufa polepole usiku mzima, na risasi iliyokosa haisimami pale ulipokosea. Kwa wasomaji wa Kenya, sheria kule hairuhusu raia bunduki za kijeshi za aina hii, kwa hiyo haya nawaandikia walio huku. Mhariri, mkirudia makala naomba muongeze hata aya moja ya maunti na shavu, vijana wanaisoma wiki hii na msimu wa paa unafungua Novemba.

Msomaji wenu,
Texas, Marekani