Kwako mdogo wangu wa Tunduma, kuhusu yule mvuvi

Mdogo wangu,

Simu yangu hupokei, na kwenye grupu la familia ulishatoka, ukaandika "mtanisamehe ndugu zangu" saa sita usiku ukalefti. Basi nakuandikia hapa maana najua unapitaga, ile picha yangu ya mwezi wa pili uliilaiki halafu ukaitoa laiki, niliona.

Sitaki kuzunguka, ni kile kitabu ulichoandika kuhusu mama yako ukanipa nisome. Harusi ya dada, pale barabara ya kumi na sita, turubai limevuja kona moja watu wamebanana upande mmoja. Wewe umebeba sinia la pilau kwa mikono miwili, jasho linakushuka mpaka kwenye kola ya ile kanzu ya kuazima, mimi nimekaa mkekani na kina mama mkubwa. Unainama kuweka sinia, unaniuliza taratibu, "Dada, ulionaje pale mvuvi anaporudi?" Na mimi na mdomo wangu huu, tonge halijashuka hata, nikasema ah, pale pamenigusa sana mdogo wangu, nililia. Nililia! Hakuna aliyenilazimisha kuongeza hilo la kulia. Ukasema "ahsante dada", ukaniongezea kachumbari, ukaenda zako kubeba sinia lingine.

Siku ya tatu mama mkubwa ananipigia ananiambia mwenzio anasema hakuna mvuvi. Kaunta buku zote tatu, za kwaya tatu kila moja, hamna mvuvi hata wa kupita njia.

Ungenitukana ningepona. Ile kachumbari ndo inaniuma mpaka leo.

Ila na wewe, tuseme ukweli, ule mtego ulikuwa wa nini? Kitabu nimekaa nacho miezi kumi na moja, ungeniuliza tu dada umesoma au hujasoma, ningekwambia sijasoma, ningeona aibu yangu yakaisha. Unajua mwaka ule nilikuwa na mtoto mchanga, kazini nahariri habari za watu kutwa nzima, mtu kaandika "mnamo majira ya saa" mara nane kwenye ukurasa mmoja, natoka hapo foleni ya Mbagala saa mbili na nusu, nafika nyumbani macho hayataki kuona herufi hata za kwenye pakiti ya maziwa. Halafu unaniletea kaunta buku tatu zimeandikwa kwa mkono, na mwandiko wako unaujua ulivyo.

Hiyo ndo sababu niliyompa mama mkubwa. Yenyewe hasa ni hii: nilisoma kurasa kumi na nne nikachoka. Ndo nikakutumia ile meseji, "nzuri sana mdogo wangu, endelea." Kama kuna mtu mwingine anasoma hapa na ana ndugu kamtumia "nzuri sana, endelea" bila kutaja hata jina la mhusika mmoja, ajue hajasomwa.

Kurasa kumi, mdogo wangu, jua linachomoza. Jogoo kawika, umande upo kwenye majani, upepo mwanana unavuma kutoka baharini, mtu hajatokea bado. Nani alikufundisha kuanza hivyo? Najua nani, ni insha za darasa la saba, wote tulifundishwa hivyo tukapewa alama. Halafu mama yako, Mungu amrehemu, anafungua mdomo ukurasa wa kumi na moja anasema "Ewe mwanangu, elimu ndiyo ufunguo wa maisha." Mama mdogo yupi huyo? Mama mdogo niliyemjua mimi alikuwa anasema "soma we mtoto, mi huku naungua mafuta." Umemvalisha mama yako suti.

Sasa sikiliza. Baada ya ile harusi nilikasirika, kisha nikaona haya, nikakaa wiki kama mbili sizigusi, halafu usiku mmoja mtoto kakataa kulala nikafungua ile ya kwanza, popote tu. Ukurasa wa 61. Mama anarudi kutoka Deep Sea, kule soko la samaki Tanga, vibua vimeisha, anatoa hela kifuani, anakata ndimu, anazisugua zile noti moja moja za ada ya shule zisinuke samaki, maana ulishachekwa darasani, kisha anazitandaza kwenye ungo, juu ya kila noti kokoto lisipeperuke. Na wewe umetumwa kukaa pale kuzilinda kuku wasipite juu.

Niliweka kile kitabu chini.

Mwaka naingia fomu wani mama mdogo alinipa noti ya elfu tano ninunue viatu. Ilikuwa inanuka ndimu. Mimi nilidhani ni sabuni yake. Miaka yote hii nimedhani ni sabuni.

Ndo maana nakwambia, zile kurasa sitini za mwanzo zifungie kabatini, anza na ungo. Hakuna mhariri atakayefika ukurasa wa 61, si kwa ubaya, ana rundo mezani na ana watoto na yeye, mimi mwenyewe ndugu yako wa damu sikufika. Sijitetei hapa. Au najitetea kidogo, lakini jambo lenyewe ni la kweli hata kama aliyelisema ana makosa.

Kilichonikera zaidi ni ile kauli uliyompa mama mkubwa, "kama hata dada wa gazetini hakusoma, nani atasoma, siandiki tena." Yaani mzigo wote mabegani kwangu. Wewe kaunta buku tatu uliziandika bila ruhusa yangu, kwa mwanga wa simu, umeme umekatika, leo kuacha ndo unaacha kwa jina langu? Tarehe 7 Julai ile siku ya Kiswahili duniani nikaona umeposti maua na "Kiswahili hoyee", nikasema huyu mtu ana kitabu kizima kuhusu mama yake halafu anaposti maua.

Na usiniambie kazi ya kliaringi haikupi muda, malori yamepanga foleni mpakani usiku kucha. Shaaban Robert wetu wa Vibambani alikuwa karani wa forodha. Alianza 1926 akakaa kwenye ukarani huo karibu miaka kumi na minane, na Pangani amefanya, mchana nyaraka za mizigo kama wewe tu. Ndo hao hao leo tunawaona kama walizaliwa na kitabu mkononi. (Najua utasema na wewe dada riwaya yako vipi. Iko sura ya nne tangu 2019, ahsante kwa kuuliza. Mimi na wewe hatufanani, mimi sina ungo.)

Kama unaogopa watu watasema nini, kina mjomba wataona umeanika umaskini wa nyumbani, hilo nalielewa zaidi. Watasema. Kezilahabi wa Ukerewe riwaya yake ya kwanza ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kusomwa huko huko mashuleni. Yule ilikuwa serikali, wewe una mjomba tu. Ila mjomba anakuja hadi nyumbani, sikatai.

Hela usiitegemee. Vitabu vya hadithi vinaenda pole pole sana, na ukikutana na mtu anakwambia lipa wewe kwanza ndo akuchapishie, soma mkataba mpaka mwisho au nitumie mimi nisome, nitasoma kweli safari hii. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ipo, ila mwandiko wako kwenye kaunta buku hakuna jaji atakayehangaika nao, lazima uchapwe. Kwa hiyo nimeanza kuchapa. Sikukuomba ruhusa kwa sababu hupokei simu. Kila usiku mtoto akilala kurasa mbili tatu, nimeanzia kwenye ungo, nimefika ukurasa wa 88. Sijabadilisha kitu, ila "kwa hakika" nimezitoa tisa, zikikuuma nitazirudisha.

Pale 88 nimekwama. Mama yupo mnadani, mwenye mizani kampunja, wamemzunguka watu, anamgeukia anamwambia neno, na baada ya hapo unaandika yule baba akashusha macho akaongeza samaki wawili. Lakini lile neno lenyewe halisomeki. Kuna doa la mafuta mstari mzima. Doa ni langu, ile miezi kumi na moja niliweka sahani ya chipsi juu ya kitabu chako, ndo hivyo.

Nimeliangalia kwa tochi, nimelishika juu ya taa, naona "we baba" basi. Mama mkubwa hajui, hakuwepo. Waliokuwepo ni wewe na yeye.

Alimwambia nini? Kupiga simu usipige kama hutaki, andika hilo neno tu unitumie, niendelee.

Dada yako