Kuhusu ile sura ya nne

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na kilichoniuma zaidi ni kuona unajiita mvivu. Hilo silikubali hata kidogo. Mvivu hafui mapazia yote, hapangi upya vitabu rafuni na kumjibu kila aliyemwandikia, ili mradi tu asiifungue sura ya nne ya tasnifu. Kutwa nzima unahangaika. Unachokwepa ni kazi moja tu, ile inayokutia hofu.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliliandika hili mwaka 2013: mara nyingi anayeahirisha anatafuta kujiepusha na hisia mbaya inayoletwa na kazi, apate nafuu ya sasa hivi, na mzigo aubebe yeye wa kesho. Ukiifungua tu sura, unakutana na wino mwekundu wa msimamizi wako, moyo unadunda, unaifunga. Papo hapo unapumua. Basi hapo ndipo unaponasa, maana akili inajifunza kwamba dawa ni kuifunga. Kesho yake hofu imezidi na muda umepungua.

Ndiyo maana nakusihi uache kujilaumu. Mwaka 2010 Pychyl na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu walioahirisha kujisomea kabla ya mtihani wa kwanza. Mtihani uliofuata ulipokaribia, waliojisamehe ndio waliopunguza kuahirisha kujisomea. Mimi inaniingia akilini kabisa: kila ukijisema vibaya, sura hiyo inazidi kuwa chungu, nawe unazidi kuikimbia.

Sasa, usijiambie "wiki hii nitaandika." Jiambie: "Nikishapiga mswaki asubuhi, nitakaa mezani nisahihishe ukurasa wa kwanza." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kuwa mpango unaotaja lini na wapi hutekelezeka zaidi kuliko nia tupu. Simu iache chumba kingine. Anza na sahihisho jepesi kuliko yote, hata kama ni koma tu; ukishaingia ndani ya kazi, haitishi kama ulipokuwa unaitazama kwa mbali. Siku ya kwanza itakuwa ngumu, sikufichi. Na kama wasiwasi huu unakunyima usingizi, mwone mshauri wa wanafunzi, si aibu.

Ijumaa jioni nitumie huo ukurasa wa kwanza, uwe umekamilika au haujakamilika. Sitaukosoa, nitausoma tu.

Ni mimi nikupendaye,
Rafiki yako