Kipumulio na altrasaundi vifundishwe pamoja, kando ya kitanda

Mhariri,

Vipumulio vipya vinapokabidhiwa hospitalini, kinachoandikwa ni idadi ya mashine. Sisi tunaofundisha madaktari, matabibu na wauguzi wa ICU, yaani wadi ya wagonjwa mahututi, tunaomba nafasi tuseme juu ya watu watakaozishika. Kipumulio hakitibu pafu. Kinamweka mgonjwa hai wakati pafu linapona, na kikiendeshwa vibaya kinalijeruhi pafu hilo hilo. Ombi letu ni kwamba mafunzo ya kipumulio na ya altrasaundi ya kando ya kitanda yasitenganishwe, na yafanyike mbele ya mgonjwa chini ya msimamizi, si ukumbini tu.

Huduma ya wagonjwa mahututi ilianza kwa mikono. Mwaka 1952, polio ilipolipuka Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen aliongoza kazi ambayo wanafunzi wa udaktari waliifanya kwa zamu, wakiminya mifuko ya hewa usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Aliyeminya mfuko aliuhisi ugumu wa pafu mkononi mwake. Mashine ya leo imeuhamishia ugumu huo kwenye skrini kwa namba na mistari, na asiyefundishwa kuisoma skrini hana hata kile alichokuwa nacho mwanafunzi yule.

Tuanze na ujazo wa pumzi, maana hapo kosa ni kubwa na kuzuilika kwake ni rahisi. Ujazo hukokotolewa kwa urefu wa mgonjwa, si kwa kilo za mizani, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Chukua urefu kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, kisha jumlisha 45.5 kwa mwanamke au 50 kwa mwanamume; hizo ndizo kilo anazostahili kwa urefu wake. Mwanamke wa sentimita 160 anapata kilo 52.4, na kwa mililita 6 kwa kila kilo, pumzi yake ni mililita 315 hivi. Mizani ikisoma kilo 90 na mtu akazidisha kwa 8, atamsukumia mililita 720, karibu 14 kwa kila kilo anayostahili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa 861 ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa ghafla, ulikuta vifo vya asilimia 31 kwa waliopangiwa mililita 6 kwa kila kilo na asilimia 39.8 kwa waliopangiwa 12. Haikuwa dawa mpya; ni namna mashine ilivyopangwa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mafunzo ni utepe wa kupimia, na urefu uandikwe kwenye chati mara tu mgonjwa anapounganishwa na mashine.

Kisha kuna presha. Kengele ya presha ikilia, wengi huinyamazisha au hupandisha kikomo chake. Kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe cha kusimamisha pumzi mwishoni mwa kuvuta hewa, kwa nusu sekunde hivi, na kusoma presha tulivu. Mgonjwa akiwa anapambana na mashine au anavuta mwenyewe, namba hiyo haiaminiki. Presha ya kilele ikiwa juu lakini tulivu ni ya kawaida, njia ya hewa ndiyo yenye shida: mrija uliopitishwa kooni umekunjwa, mgonjwa anaung'ata, makohozi yameziba, au mirija ya ndani imebana kama kwenye pumu. Zote mbili zikipanda, pafu lenyewe limekakamaa au limebanwa. Presha tulivu isizidi sentimita 30 za maji, na ukiitolea presha ya mwisho wa pumzi, ile ambayo skrini huiandika PEEP, tofauti ibaki chini ya 15.

Ila kipumulio hakiwezi kusema ni kitu gani kimelibana pafu. Inaweza kuwa hewa iliyovuja na kulizunguka, maji, pafu lililosinyaa, au mrija uliozama mno ukaingia upande wa kulia pekee. Hapo ndipo probu, kile kishikio cha altrasaundi kinachowekwa mwilini, inapoingia, na ndipo wale waliofundishwa mashine moja bila nyingine hukwama.

Mgonjwa akiwa amelala chali, hewa iliyovuja hukusanyika mbele. Weka probu bapa ya masafa ya juu kwenye nafasi ya pili au ya tatu kati ya mbavu, alama yake ikielekea kichwani, kina cha sentimita 4 au 5. Zima vichujio vya kulainisha picha, kwa sababu hufuta mistari ile ile unayoitafuta. Mashine nyingi huwaka zikiwa zimepangwa kwa ajili ya tumbo. Utaona vivuli viwili vya mbavu, na kati yake, nusu sentimita chini ya uso wa ubavu, mstari mweupe unaong'aa. Huo ni utando wa pafu, na unapaswa kuteleza kila pumzi inapoingia. Ukiteleza, hakuna hewa iliyovuja mahali hapo.

Mstari usipoteleza, usikimbilie kutoboa kifua. Hili tunalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloumiza watu mikononi mwa aliyehitimu warsha ya siku mbili. Mrija wa koo ukizama kulia, pafu la kushoto halipati hewa na utando wake hautelezi. Mgonjwa mwenye makovu ya zamani ya utando naye hatelezi, na pafu la pumu lililojaa hewa kupita kiasi huteleza kwa shida. Tafuta kwanza mtikisiko mdogo wa utando unaofuata mapigo ya moyo: ukiuona, pafu limegusa ukuta wa kifua na hewa haijavuja hapo. Kagua alama ya mrija mdomoni, ambayo kwa kawaida huwa sentimita 21 hivi kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume. Ikiwa umezama, toa hewa kwenye puto linaloushikilia ndani ya koo, uvute sentimita moja moja huku mwenzako ameshika probu upande wa kushoto hadi utelezi urudi, kisha ujaze puto tena na kuufunga mrija vizuri. Uthibitisho wa hewa iliyovuja ni ile sehemu ambapo, katika picha moja, utelezi unaonekana na kutoweka kwa kila pumzi. Lakini shinikizo la damu likiwa linaporomoka na dalili zote zinaelekea huko, usizunguke kuitafuta sehemu hiyo, itoe hewa iliyo kifuani.

Maji ndani ya pafu huonekana kama miale mirefu inayoshuka kutoka kwenye utando hadi chini ya skrini. Mitatu au zaidi katika nafasi moja ya mbavu si kawaida. Maji yaliyo nje ya pafu hutafutwa kwa probu ya mviringo, nyuma ya kwapa, juu kidogo ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria ujazo wake kwa mgonjwa aliyelala chali, kiwiliwili kikiwa kimeinuliwa kidogo: pima umbali mkubwa kati ya pafu na ukuta wa kifua kwa milimita, zidisha kwa 20. Milimita 25 ni takribani mililita 500.

Mashine hizi mbili pia hufichuliana upofu. Ukipandisha PEEP, altrasaundi itakuonyesha pafu lililosinyaa likifunguka, lakini haitakuonyesha sehemu nyingine ya pafu ikivimba kupita kiasi. Hilo utalijua kwenye kipumulio, tofauti ya presha inapopanda badala ya kushuka. Na shinikizo la damu likianguka baada ya kupandisha PEEP, kipumulio hakitaeleza sababu. Probu chini ya mfupa wa kidari itaonyesha kama upande wa kulia wa moyo umetanuka kwa kuelemewa. Moyo wa namna hiyo ukiongezewa lita za maji huzidi kushindwa. Tahadhari moja ambayo warsha nyingi huipita: kwa anayepumua mwenyewe, mshipa mkubwa wa tumboni unaorudisha damu moyoni hunywea anapovuta hewa, lakini kwa aliye kwenye kipumulio hutanuka hewa inapoingia. Kanuni iliyojifunzwa kwa mtu mzima wa afya ikipelekwa ICU bila kugeuzwa huleta uamuzi wa kinyume.

Kwa pumu kali, fundisha kusoma mstari wa mtiririko wa hewa. Mstari usiporudi kwenye sifuri kabla ya pumzi inayofuata, hewa inarundikana. Shusha kasi hadi pumzi 8 mpaka 12 kwa dakika, urefushe muda wa kutoa. Shinikizo la damu likiporomoka ghafla, tenganisha mrija na mashine kwa sekunde kadhaa hewa itoke.

Hata kumtoa mgonjwa kwenye mashine kunahitaji vyote viwili. Katika jaribio la kupumua mwenyewe la dakika 30 hadi 120, miale ya maji ikiongezeka mapafuni, tatizo huenda ni moyo, na tiba yake ni kupunguza maji kwanza, si kumwacha wiki nzima akidhoofika. Kiwambo nacho hupimwa ubavuni: kikiwa milimita 2.0 mwisho wa kutoa pumzi na 2.8 mwisho wa kuvuta, kimenenepa kwa asilimia 40. Chini ya 30 ni dalili ya udhaifu, ingawa namba hiyo pekee isiamue.

Jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza mwaka 2011 angalau saa 10 za masomo na vipimo 30 vya moyo kwa altrasaundi vinavyosimamiwa kwa ngazi ya msingi. Warsha ya wikiendi haifiki huko, tena hutumia watu wembamba wenye afya, wanaogeuka wakiambiwa na wanaopumua wenyewe. Tunapendekeza hivi: wiki za mwanzo kwa pafu la mpira linaloweza kukazwa na kulegezwa, kila mwanafunzi atengeneze kengele kwa mkono wake na kuitatua, halafu vipimo kwa wagonjwa, kila kimoja kikirekodiwa pamoja na namba za kipumulio za dakika ile ile, na mkaguzi avipitie vyote kila wiki. Wauguzi wawe ndani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndio walio kitandani saa nane za usiku. Mafundi wa vifaa tiba nao wafundishwe jaribio la uvujaji kabla ya kila mgonjwa, na kwamba kichujio cha unyevu hakitumiki pamoja na kipasha unyevu, kwa sababu hulowa na kuziba.

Mikataba ya ununuzi iyataje haya kwa saa na kwa fedha, na msimamizi apangiwe muda wake mwenyewe kwenye ratiba, asiwe yule yule mwenye wagonjwa wanane wa zamu hiyo.

Wakufunzi wa huduma za wagonjwa mahututi