Mdogo wangu, njoo na ukavu wako huo huo

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Uliponiambia kwamba Kwaresima hii huendi kupakwa majivu kwa sababu ukisali husikii chochote, na kwamba kwenda hivyo ni unafiki, neno hilo liliniingia. Naona umelishika jambo kinyume. Umedhani kipindi hiki cha toba kabla ya Pasaka ni cha wale ambao roho zao zimechangamka, kumbe kimewekwa hasa kwa ajili ya watu wa hali yako.

Yatazame hayo majivu. Kwa desturi hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yale tuliyoyapunga tukiimba Hosana. Yamekauka, yamechomwa, yamesagwa, na Kanisa halikuyatupa. Padre anachovya kidole, anakuchora msalaba kwenye paji la uso na kukukumbusha kwamba u mavumbi na mavumbini utarudi. Hakuulizi kwanza kama unajisikia mtakatifu.

Halafu soma Zaburi ya 51, kwa sauti, hata kama moyo haushtuki. "Ee Mungu, uniumbie moyo safi, uifanye upya roho iliyotulia ndani yangu." Daudi ameanguka vibaya, lakini hasubiri ajirekebishe ndipo aje. Anakuja hivyo alivyo, anaomba. Wewe umekuwa ukijilazimisha uchangamke kwa nguvu zako mwenyewe, ndiyo maana umechoka.

Kuhusu kufunga sina mengi. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu unazijua. Ila ulichojinyima kimfikie mwenye njaa, maana Isaya 58 haiupokei mfungo unaomwacha maskini vilevile alivyokuwa. (Wengi wetu hukwama hapo: tunahesabu tulivyoacha, hatuulizi vimemfikia nani.)

Njia ya Msalaba, ile sala ya kuyafuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, usiikose kabisa. Katika vituo 14 Yesu anaanguka mara tatu, cha 3, cha 7 na cha 9. Kaa na hicho cha 9. Simoni wa Kirene ameshamsaidia msalaba, Veronika ameshampangusa uso, wanawake wa Yerusalemu wameshamlilia, na bado anaanguka tena. Ukipiga magoti hapo usihangaike kutafuta maneno mazuri. Mwambie umechoka. Yuko chini, mko usawa mmoja.

Na kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, usikiogope. Kama umesahau hata namna ya kuanza, mwambie padre hivyo hivyo, atakuongoza.

Natamani Mkesha wa Pasaka tusimame pamoja, mishumaa mikononi, tukirudia ahadi za ubatizo wetu. Siku utakayoshindwa kusali nitumie ujumbe, nami nitaisali hiyo zaburi kwa ajili yako. Ijumaa nitakupitia twende wote kwenye Njia ya Msalaba. Hata ukiwa huna la kusema njiani, tutakwenda.

Akupendaye,
Dada yako