Mjomba, nirekodie majina ya pepo zivumazo

Mjomba, shikamoo.

Jumapili nilikwenda Pete, hapa Unguja, kwenye ule ujia wa mbao unaopita katikati ya mikoko, karibu na msitu wa Jozani. Maji yalikuwa yametoka, mizizi ya michu imechomoza topeni kama kalamu za risasi. Nikaupiga mti mmoja picha, na programu ya simu ikanijibu papo hapo: Avicennia marina. Ni kweli. Lakini mimi nilikumbuka uliponipa jani nililambe, nikiwa na miaka saba, ukaniambia, "Huu mchu. Hunywa bahari, chumvi ukaitolea majanini." Nimelilamba tena. Chumvi ipo vilevile.

Kilichonifanya nikuandikie hasa ni upepo. Asubuhi ulikuwa bado unatoka kusini, umelegea, alasiri ukageuka. Simu ilionyesha nyuzi 30, mawingu kiasi, na mshale unaozunguka. Haikusema kwamba kusi, upepo wa kusini, inaaga na kaskazi, wa kaskazini, haijashika, kwamba tumo kwenye tanga mbili, chombo kinaweza kutweka kwenda huku au kule. Nikataka kumwandikia rafiki yangu neno "kusi", simu ikaligeuza "kisu". Mara tatu, Mjomba. Iliniuma.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutabiri Masika na Vuli kwa majina yake, na hilo nalishukuru sana. Ila kuna majira ya kipupwe na demani, kuna pepo za matlai, umande na maleleji, na kuna hesabu ya miongo. Vijana ninaofanya nao kazi wanajua muongo ni miaka kumi, basi. Nilipowaeleza kuwa mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, hiyo hiyo ya Mwaka Kogwa inayosherehekewa Makunduchi kila Julai, mmoja alidhani nimechanganya maneno. Na kumbe hesabu hiyo ndiyo iliyowaambia wazee lini wapande na lini wasafiri.

Siilaumu simu. Inajua ilicholishwa, na Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi ni cha habari na mikutano. Cha chomboni kimebaki vinywani mwenu, nanyi mnapungua.

Kwa hiyo nakuomba. Hapo Dar wajukuu wanazo simu. Waambie wakushikie moja, ubonyeze alama ya maikrofoni, uzungumze. Upepo mmoja kwa siku unatosha: unatoka wapi, unaingia muongo wa ngapi, unakuja na samaki gani, bahari inabadilikaje rangi. Usininyooshee Kiswahili. Sema Kikae chako, lahaja ya Makunduchi, kama ulivyokuwa ukisema na marehemu bibi, nami nitaandika neno kwa neno.

Anza na maleleji. Ulinieleza mara mbili tukiwa ngalawani, na mara zote mbili niliitikia tu, sikuelewa.