Mfuko upi, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya neno mfuko, hasa linavyotumika kwenye vichwa vya habari. Kichwa kikisema "Mifuko yaongezwa", msomaji hulazimika kufika aya ya tatu ndipo ajue kama habari ni ya saruji, ya pensheni au ya vibebeo vya dukani. Mwenye haraka hafiki huko.

Neno hili lina kazi nyingi, zote halali. Kuna mfuko wa suruali, kuna mfuko wa saruji, na kuna fedha zilizochangwa kwa shabaha moja, nazo ni mfuko. Maana hii ya mwisho naithamini sana. Chombo kilichoasisiwa katika mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944 mara tunakiita Shirika la Fedha la Kimataifa, mara Mfuko wa Fedha wa Kimataifa. Kwangu jina la pili linafaa zaidi: nchi wanachama huchangia, na iliyobanwa hukopa humo. Ukisema mfuko, msikilizaji anajua papo hapo kwamba wapo waliotia na wapo wanaochota.

Kinachotenganisha maana hizi ni neno linalofuata, na wakati mwingine umbo lenyewe. Aliyelipa "kutoka mfukoni mwake" ametumia fedha zake mwenyewe, hata kama zilipitia benki. Fuko ni kubwa kuliko mfuko (japo pia ni mnyama achimbaye ardhini), na kifuko ni kidogo, ndiyo maana mapafu yana vifuko vya hewa.

Penye uzito hasa ni kurasa za afya. Mwilini kuna mfuko wa uzazi, mfuko wa nyongo na mfuko wa korodani. Makala ikitaja "upasuaji wa kuondoa mfuko" na kuishia hapo, inatia watu hofu isiyo ya lazima. Mwanamke mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo anaweza kuamini kwamba kizazi chake ndicho kitakachoondolewa, akaahirisha matibabu huku maumivu yakizidi.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa kurasa hizo: nafasi ikiwa finyu, punguzeni maneno mengine. "Wa nyongo" na "wa uzazi" yabaki kila neno hilo linapotokea, hata kama limekwisha kutajwa juu.

Msomaji wenu